Kitambaa Cheupe Kwenye Bomba la Moshi

Siku tuliyokwenda kumzika Aidani niligombana na watu kwenye boti kabla hata hatujaondoka Mbamba Bay. Mvua ilikuwa inanyesha, waombolezaji wamejazana ndani ya kile kijumba cha mbao katikati ya boti, na mimi nimekaa mlangoni pake, kwenye ngazi, mgongo nje na magoti ndani, nimekataa kusogea. "Bibi Federika, ingia basi tushushe turubai, watoto wanalowa," binti mmoja akaniambia kwa upole. Nikamjibu walowe, kulowa hakuui. Mwe! Nikasikia mtu akinong'ona kwamba huyu bibi wa Mbinga amekuja kuleta vituko msibani. Ndipo Jofrei, mtoto wa mwisho wa Aidani, ambaye ndiye nahodha wa boti hiyo na ndiye fundi wake, akaja akanishika mkono. "Mama, njoo ukae na mimi huku nyuma kwenye usukani, kuna bati la kujikingia." Nilikwenda kwa heshima ya marehemu, si kwamba nilikuwa nimeridhika. Nyuma yangu turubai likashushwa na kufungwa kamba. Injini ikanguruma, wanawake wakaanza kuimba nyimbo za msiba, na mimi nikawa nazisikiliza sauti zao moja moja. Mtu aliyepitia niliyoyapitia mimi hasikilizi kuimba ndani ya boti kwa raha.

Mwaka nilioyapitia hayo ulikuwa wa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaamka mfanyabiashara. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tunafua kwa majivu na kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Sasa maduka ya Mbinga mjini yalikuwa na redio kaseti, betri, sabuni za kunukia, mitumba ya kuchagua, na makorokoro mengine ambayo hatukujua hata kazi yake. Nakumbuka duka moja la vifaa vya ujenzi, mbele kabisa walipanga tepu nyeupe ndani ya vikasha vya mviringo vya plastiki, na mimi, msichana mzima niliyemaliza shule, nikauliza kama ni utepe wa kufungia nywele. Muuzaji alicheka hadi akashika meza. Akaniambia hiyo ni tepu ya mafundi bomba, unaizungushia kwenye nyuzi za bomba, vile vijifereji vya mwisho wake, kabla hujalikaza, na maji hayavuji tena hata tone. Nilitoka pale nimeona haya, lakini ile tepu niliikumbuka vizuri, na laiti nisingekuwa na sababu ya kuikumbuka hadi leo.

Shangazi yangu Agata ndiye aliyenipeleka ziwani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ndiye aliyenilea, na hayo mengine ya nyumbani niyaache. Alikuwa amechoka kungoja bei ya kahawa, akaamua tuteremshe maharage kutoka kwetu milimani, tuyauze vijijini kando ya ziwa, kisha tupandishe usipa, wale dagaa wa kwetu, hadi Mbinga. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya nahodha Bartolomayo, pale Mbamba Bay, mimi na Shangazi kwenye kitanda kimoja cha kamba na magunia ya usipa yakituzunguka pande zote, hata nguo za kanisani zikanuka samaki. Chakula alikuwa anapika mke wa nahodha, Mama Fraida, ugali wa muhogo unaovutika, na samaki mbasa wa kuchemsha na nyanya. Shangazi alikuwa anaudonoa ugali ule kwa kidole na kuniuliza kwa Kimatengo kama na mimi nakiona kilichowekwa mbele yetu. Lakini alikula. Mama Fraida aliona kila kitu, akawa anasema, "Kula, shemeji, huku hatuna mahindi yenu, lakini hakuna aliyekufa kwa muhogo." Walikuwa wanataniana hivyo kutwa, na mimi nilipenda kuwasikiliza, kwa sababu wakati wanataniana nilisahau kwamba kesho yake kuna safari.

Maana niseme ukweli, sisi watu wa juu tulikuwa tunaliogopa ziwa. Mtu aliyekulia kwenye mashimo ya ngoro, yale mashamba yetu ya mlimani, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya kijito cha kuruka, humpandishi kwenye chombo akatulia. Boti ya Bartolomayo iliitwa Mtulivu. Ilikuwa imeachwa na mgeni mmoja aliyerudi kwao, ilikuwa na mlingoti na tanga, na chini ya ngazi za kijumba ilikuwa na injini ya dizeli. Upepo ukiwepo walipandisha tanga na kuzima injini. Upepo ukikosa, injini. Wanyasa, wenye ziwa lao, walikaa nje, wamening'iniza miguu, wanakula mihogo na kupiga soga. Sisi Wamatengo tuliingia ndani, tukashusha turubai, tukafunga kamba, ili tusiyaone maji. Hakuna aliyetuamuru. Ilikuwa desturi tu, ukipanda Mtulivu ukikuta turubai limefungwa unajua ndani kuna watu wa Mbinga na Mapera wanasali rozari. Na benchi la ndani kabisa ndilo lililogombaniwa, kwa sababu nyuma ya ubao wake lilipita bomba la moshi na palikuwa na joto zuri. Shangazi alijipatia pale mahali pake pa kudumu. Harufu kidogo ya moshi haikutushtua, sisi tumezaliwa jikoni kwenye moshi, na nyumbani kwetu mwenye baridi huambiwa asogee motoni.

Aidani ndiye alikuwa fundi wa injini ile, kijana wa pale pale Mbamba Bay, mrefu, mcheshi, msafi kupita mafundi wote niliowahi kuwaona. Siku moja, mwanzoni tu mwa biashara yetu, kiwiko cha bomba la moshi, pale linapokunja, kilioza kikatoboka, boti ikawa inanguruma kama lori bovu. Aidani akapanda Mbinga, akarudi na kiwiko kipya cha chuma, cha bomba la maji, maana hicho ndicho kilichopatikana madukani, na kumbe pia amenunua ile tepu nyeupe. Nilikuwepo siku alipoifunga, ufukweni, watu wamejaa kutazama kitu kipya. Aliizungusha ile tepu kwenye nyuzi kwa uangalifu, akailaza vizuri kwa kidole gumba, akakaza kwa spana kubwa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akafanya jambo ambalo kila mtu alilisifu. Aliziba mwisho wa bomba kwa kitambaa, akamimina maji ndani hadi juu, akatuita tutazame. Hakuna kilichovuja. Alipitisha kiganja chini ya kiungo, akatuonyesha kiganja kikavu. "Haivuji, jamani. Njoo, Federika, gusa mwenyewe." Niligusa. Kilikuwa kikavu kweli, na nahodha Bartolomayo akasema sasa boti imepata bomba la kisasa.

Tangu hapo Shangazi akaanza kulewa ziwa. Hivyo ndivyo Wanyasa walivyouita ule ugonjwa, kulewa ziwa, na walikuwa wanauita kwa kicheko. Tukifika tunakokwenda turubai linafunguliwa na watu wa juu wanatoka wanayumba, wameshika vichwa, mwingine anatapika pale pale kwenye mchanga, mwingine anaketi na kusinzia juu ya gunia lake mchana kweupe. "Wamelewa tena!" wanapiga kelele vijana wa bandarini. Usiku, kupitia ukuta wa chumba chetu, nilimsikia Bartolomayo akimwambia mkewe kwamba hawa watu wameumbwa kwa ajili ya milima, damu yao haipatani na maji, na Mama Fraida akajibu, "Basi wapunguze woga, woga ndio unaowalevya." Mimi nilijifunika shuka nikaona aibu. Nilikuwa na umri wa kuona aibu kwa kila kitu, na nikajiapiza kwamba safari inayofuata nitakaa nje na Wanyasa, nife ama nipone.

Nikakaa nje. Wee! Safari ya kwanza nilishikilia kamba ya mlingoti hadi viganja vikachubuka, nimefumba macho, na Mama Fraida ananilisha mihogo ya kukaanga mdomoni kama mtoto. Lakini sikulewa. Upepo ulikuwa mkali, boti inapanda na kushuka, mawimbi yanatupiga, na niliposhuka nilikuwa nimelowa na nina njaa, basi. Na cha ajabu, siku hiyo hata Shangazi alitoka ndani mzima, analalamika tu kuhusu mawimbi. Safari iliyofuata ziwa lilikuwa limetulia, halina hata mkunjo, injini tupu toka mwanzo hadi mwisho, na Shangazi akatoka amebebwa. Hapo nikaanza kuogopa kwa namna nyingine. Kabla ya hapo niliogopa maji. Sasa niliogopa kitu nisichokijua jina, ambacho kinamshika Shangazi siku ya utulivu na kumwachia siku ya mawimbi. Mtu gani huyo analewa ziwa lisilotikisika?

Nilimweleza Aidani. Nilimkuta anapangusa mikono kwa tambara, nikamwambia mbona siku ya tanga hawaumwi, mbona wanaumwa siku ya injini tu, na mbona sisi tunaokaa nje hatuumwi. Aliniangalia kwa huruma. "Federika, kama ni moshi, unatokea wapi? Si uligusa mwenyewe? Maji hayakupita, moshi utapita?" Mtu akikuonyesha kitu ambacho maji yameshindwa kupenya, wewe utasema nini? Nikamwendea Shangazi, nikamsihi akae nje na mimi, hata safari moja. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa. "Nikae niyatazame yale maji? Bora nilewe." Nikamwambia huenda ni moshi. Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Moshi! Mama yangu alinizaa karibu na moto, mtoto wewe. Moshi haujawahi kumwua Mmatengo." Kisha akanituma maji. Nilikwenda kisimani nalia, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini kwamba nitampoteza huku akinicheka, maana hakuna anayenisikiliza.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka Liuli. Ilikuwa mchana, mvua ndogo ya masika inanyesha wima bila upepo, ziwa limelala. Ndani waliingia Shangazi, Mama Menas wa Mapera aliyekuwa akiuza maharage pamoja nasi, na watu wengine wachache wa juu. Walifunga turubai vizuri kuliko siku zote kwa sababu ya mvua. Mama Menas alinipungia kabla halijashuka. "Mnyasa wetu huyo," akanitania, "atakuja kuolewa na samaki." Mimi nilikaa nje chini ya gunia na Mama Fraida. Wakaanza rozari. Mama Menas aliongoza, alikuwa na sauti nene ya kuongoza, na wengine wanaitikia. Nilikuwa nasikiliza huku naangalia matone yanavyoanguka majini. Baadaye nikaona kuitikia kumepungua. Nikadhani wamechoka. Kisha akabaki Mama Menas na Shangazi tu, mmoja anasema, mwingine anaitikia polepole, kama mtu anayeota. Kisha Mama Menas akaanza sala akaiachia katikati. Nikangoja aimalizie. Sikusikia kitu, injini tu, na mvua.

"Wamelala," Mama Fraida akasema. Nikamwambia hawajalala. "Waache wapumzike, Federika." Nilitambaa kwa magoti juu ya mbao zilizolowa, nami nikiogopa kuteleza niangukie majini, nikafika kwenye turubai nikaanza kufungua zile kamba, nazo zilikuwa zimekaza kwa kulowa, hazifunguki. Bartolomayo akanipigia kelele kutoka usukani nisiwaingizie mvua. Nikachukua kisu cha kukatia mihogo nikakata. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya moto na nzito, inawasha macho. Wote walikuwa wameegemeana. Shangazi alikuwa kwenye benchi lake, kichwa kimeegemea ubao, mdomo wazi, na pembeni ya kilemba chake cheupe, pale kilipogusa upenyo wa ubao, palikuwa na mstari mweusi wa masizi. Nilipiga yowe ambalo hata leo sijui lilitoka wapi.

Tuliwatoa nje mmoja mmoja. Aidani alizima injini na kuruka ndani, akawa anawaburuta kwa makwapa, na sisi tunawalaza mvuani. Mama Fraida, yule yule aliyekuwa akiwacheka, alikuwa anawapiga makofi mashavuni na kuita kila mmoja kwa jina lake. "Agata! Agata wee! Shemeji, amka ule muhogo!" Mmoja akakohoa. Mwingine akatapika. Nilimshika Shangazi nikamtikisa nikawa namwita shangazi, shangazi, hadi Mama Fraida akanifokea, "Mwite jina!" na mimi ambaye sijawahi kumtaja jina mbele yake nikapiga kelele, "Agata!" Akafumbua macho. Akaniuliza tumefika? Nilimkumbatia pale kwenye mbao, na nyuma yangu nikawasikia bado wanaita jina moja tu, Mama Menas, Mama Menas, kisha jina lake la ubatizo, Restituta, wanaliita na kuliita, na rozari yake bado imezunguka vidoleni, na hakuitika.

Walimpandisha Mapera, akazikwa kwao. Pale Mbamba Bay walisema ziwa limechukua chake, na watu wa juu waliokuja kuuchukua mwili nao walisema hivyo hivyo, wote wamekubaliana kwa mara ya kwanza. Aidani peke yake hakusema hivyo. Kesho yake nilimkuta amevua ule ubao wa nyuma ya benchi, amefungua kile kiwiko, amekishika mapajani. Ile tepu nyeupe haikuwepo. Kwenye nyuzi palibaki makombo ya kahawia yaliyoungua, yanapukutika ukiyagusa, na kuta zote za ile nafasi ya nyuma ya benchi zilikuwa nyeusi tii. "Haikuvuja, Federika," akaniambia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Si uligusa mwenyewe? Haikuvuja." Nikakaa chini karibu naye. Nilikuwa nimekuja na maneno makali kweli kweli, nimeyapanga njiani, lakini nilipomwona vile nikayaacha. Maji aliyomimina yalikuwa ya baridi. Moto wa injini haujui habari ya tepu.

Alikwenda Mbinga kwa mafundi wa malori ya kahawa, akawauliza bila kuficha, nao walimcheka kwanza kisha wakanyamaza alipowaeleza kwa nini anauliza. Alirudi na kopo la gamu ya ekzosti, yaani ya mabomba ya moshi, nzito, ya kijivu, inayokauka ikawa ngumu kama kigae. Niliona akifanya kazi ile, na hakuna aliyeitwa kutazama. Alisugua nyuzi kwa brashi ya waya hadi zikang'aa, ndani na nje. Alipaka gamu kwenye nyuzi za bomba, akaacha wazi zile za mwanzo kabisa ili isisukumwe ndani, akakaza ingali mbichi kwa mara moja na hakugusa tena, maana ikishakauka ukiigeuza inapasuka. Akawasha injini polepole, ipate joto kidogo kidogo, huku anapaka povu la sabuni kuzunguka kiungo na kuangalia kama litafura. Halikufura. Lakini hakuridhika. Alikuwa mtu asiyeweza kuridhika tena. Akanigeukia akaniuliza kama kile kilemba cha Shangazi bado kipo.

Nilimpa. Alichana vipande kutoka upande uliokuwa bado mweupe, akafunga kimoja kwenye kila kiungo cha bomba, akatoboa kidirisha kwenye ubao ili mtu aweze kuingiza mkono. Tangu siku hiyo, kabla ya kuondoka, aliwasha injini, akaiacha ingurume wakati watu wanapakia, kisha akakifungua kitambaa na kukiinua juu mbele ya abiria wote. "Cheupe?" anauliza. "Cheupe!" watu wanaitikia. Ndipo anakirudisha, na boti inaondoka. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakawa hawakubali kupanda mpaka wameulizwa. Nilimaliza mwaka ule pale Mbamba Bay nikiitikia na wengine, na kila mara niliitikia kwa hofu, nimekodoa macho, natafuta doa. Shangazi hakuwahi kuitikia, maana hakushuka ziwani tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hadi anafariki kitandani kwake hakukubali kwamba ulikuwa moshi. Alisema ziwa lilimkataa yeye likamchukua Mama Menas. Wakati wa baridi alikuwa anafunga mlango wa jikoni aote moto, na mimi nakuja nyuma yake naufungua, anaufunga, naufungua, hadi tunagombana. Wanangu nao wamenizoea, Mbinga baridi ya kuuma mifupa na mimi dirisha langu liko wazi.

Ndiyo hayo niliyokuwa nayawaza nimekaa na Jofrei chini ya bati, tunakwenda kumzika baba yake kule Liuli alikohamia uzeeni, mvua inanyesha wima na ziwa limelala. Jofrei alikuwa ananieleza jinsi mzee alivyougua muda mrefu, jinsi alivyomwachia boti hii, Mtulivu ile ile aliyoachiwa na Bartolomayo. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Ndani waliimba wimbo wakaumaliza, wakaanza mwingine, sauti chache. Nikamwuliza kama bado wanafunga kitambaa. "Tunafunga, Mama! Ile ndiyo baraka ya boti. Hatujawahi kuacha." Alitabasamu, ana tabasamu la baba yake. Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini ule wimbo wa pili ukakatika kabla ya kibwagizo. Nikangoja. Jamani, nilingoja, naomba Mungu mtu aendeleze, hata mmoja tu, hata kwa sauti mbaya.

"Zima injini," nikamwambia. Hakuelewa. Nikamfokea kama nilivyofokewa mimi zamani, "Zima!" na nikaanza kutambaa, na magoti yangu haya ya kizee, hadi kwenye turubai. Nilipolifungua ile hewa ikanipiga usoni, moto na nzito, na niliitambua kama mtu anavyomtambua ndugu mbaya. Walikuwa wameegemeana. "Majina!" nikapiga kelele. "Waiteni kwa majina, watoeni mvuani!" Vijana waliokuwa mbele wakaja mbio. Yule binti aliyeniomba niingie alifumbua macho mapema, akaanza kutapika na kulia. Mwingine akaitika, na mwingine. Mtoto mdogo aliyekuwa kwenye benchi la ndani, mjukuu wa marehemu, aliyepewa jina la babu yake, alitolewa amelegea, na Jofrei akapiga magoti akawa anaita, "Aidani! Aidani!" na sote tuliobaki na nguvu tukaita pamoja naye, Aidani, Aidani, jina la mtu tunayekwenda kumzika. Mtoto akakohoa. Kisha akaachia kilio, na mvua inampiga usoni.

Niliingia ndani nikapitisha mkono kwenye kidirisha. Kitambaa kilikuwepo, kimefungwa vizuri, fundo zuri kama alivyokuwa analifunga baba yake. Nilikifungua nikatoka nacho nje, nikakiinua mbele ya Jofrei. Kilikuwa cheusi, kigumu kwa masizi, cha siku nyingi.

"Cheupe?" nikamwuliza.

Alikiangalia akiwa amemkumbatia mwanawe. "Sikujua kinatazamwa, Mama," akasema. "Nilijua kinafungwa tu."

Sikumgombeza. Turubai tulilivua lote tukalikunja, na watu wote wakakaa nje hadi tulipofika, wazee kwa watoto, bila kitu kichwani. Tulifika makaburini tumechelewa, tumelowa chapachapa, na watoto walikuwa wanalia kwa baridi hadi padri akasimamisha sala akaomba wanyamazishwe. Mimi nikamwambia, baba, waache walie.